Nyumba Ni ya Kukaliwa

Neno moja limeenea katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani hadi Kayole, na kila alisikiaye hulipokea kama aya ya dini. Neno lenyewe ni hili: ardhi haishuki bei. Dalali hulisema ili apate ujira wake. Mzazi hulisema ili ampe mwanawe busara. Mkopeshaji hulisema ili apate mtu wa kumkopesha. Neno lisemwalo na wengi lina nguvu ya mto uliofurika, lakini nguvu si ukweli. Nakuomba, msomaji, tulipime neno hili pamoja, kwa kuwa wewe uliye shuleni leo ndiwe utakayelilipia kesho.

Upande wa pili wamesimama watu wajionao kuwa werevu zaidi. Wao hunena kuwa bei za nyumba za Nairobi ni kiputo cha sabuni. Kimevimba mno na karibu kitapasuka. Humshauri kijana akae kando, asubiri kishindo, kisha anunue kwa bei ya chini. Mimi nasema makundi haya mawili yafanana kuliko yanavyodhani. La kwanza lasujudia kupanda kwa bei, la pili lasujudia kushuka kwake. Wala hapana hata moja liulizalo swali ambalo nyumba ilijengwa kulijibu, yaani, nani atalala ndani yake? Hoja yangu ni kwamba bei za Nairobi zina povu juu na jiwe chini. Povu ni tumaini la wanunuzi. Jiwe ni uhaba wa makao. Povu laweza kutulia lenyewe. Jiwe halitaondoka mpaka liondolewe kwa mikono.

Kwanza tujue kiputo ni nini. Kila mali ina thamani mbili katika fikira za mnunuzi. Ya kwanza hutokana na faida itolewayo na mali yenyewe: ng'ombe hutoa maziwa, shamba hutoa mahindi, nyumba hutoa makao au kodi. Ya pili hutokana na tumaini kuwa kesho atatokea mtu mwingine wa kununua kwa bei kubwa zaidi. Thamani ya pili ikiizidi ya kwanza kupita kiasi, mali imekuwa kiputo. Uholanzi, katika majira ya baridi ya mwaka 1636 na 1637, watu waliuziana vitunguu vya maua ya tulipu kwa bei za kustaajabisha, mpaka siku moja ya Februari 1637 wanunuzi walipokosekana mnadani na bei zikaporomoka. Marekani bei za nyumba zilifika kileleni mwaka 2006, kisha zikaanza kuanguka. Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilifilisika, na jamaa kwa mamilioni walipoteza nyumba zao. Mauwa na nyumba ni vitu mbalimbali, lakini kosa lilikuwa moja. Watu walinunua kitu kwa ajili ya mnunuzi wa kesho, si kwa ajili ya kitu chenyewe.

Sasa tulete kipimo hicho Nairobi. Chukua, kwa mfano, nyumba iuzwayo shilingi milioni 8, nayo ikipangishwa hutoa kodi ya shilingi 35,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima kodi ni shilingi 420,000. Igawe kwa bei ya nyumba, nawe utapata asilimia 5 na robo, kabla ya kutengeneza paa, kupaka rangi, na kuvumilia miezi ambayo nyumba hukaa tupu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Serikali ya Kenya iliwalipa wale walioikopesha kwa hati za muda mfupi riba ya zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka. Riba hiyo ilishuka baadaye, lakini swali lake halikushuka: kwa nini mtu mwenye milioni 8 aliache pato la asilimia 16 lisilo na jasho, akanunue pato la asilimia 5 lenye mabomba yavujayo? Ni haki kusema kuwa kodi ya nyumba hupanda miaka inavyokwenda, na riba ya Serikali haina ahadi hiyo. Hata hivyo pengo lililobaki ni kubwa. Pengo hilo halijazwi na kodi; lajazwa na tumaini. Mnunuzi anaamini kwamba bei itapanda. Basi wale wasemao kuwa kuna povu hawasemi uongo.

Mtazame pia yule asiye na fedha taslimu. Benki ikimkopesha milioni 8 kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20, atalipa karibu shilingi 99,500 kila mwezi, na akimaliza atakuwa ametoa karibu milioni 24 kwa nyumba ya milioni 8. Jirani yake apangaye nyumba kama hiyo hutoa 35,000. Mwalimu anayeanza kazi hapati shilingi 99,500 kwa mwezi, hata kama angeishi bila kula wala kuvaa. Hesabu hii haina siri. Kalamu, karatasi na hesabu ya riba uliyofundishwa darasani vyatosha kuifanya, na laiti ingefanywa mezani kwa kila mnunuzi kabla ya kutia sahihi.

Mbona basi kiputo hakipasuki? Hapa ndipo watabiri wa kishindo wanapokosea. Wanaisoma Nairobi kana kwamba ni Marekani. Kule nyumba zilisimama juu ya mikopo. Mikopo ilipoanguka nyumba zilianguka nayo, kwa sababu benki huuza upesi ili ipate fedha zake. Kenya nzima, kwa hesabu za Benki Kuu, mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa na mikopo ya rehani ya nyumba ipatayo 30,000 tu, katika nchi iliyohesabiwa mwaka 2019 kuwa na watu milioni 47.6. Nyumba nyingi na viwanja vingi hununuliwa kwa akiba, kwa fedha za vyama vya akiba na mikopo, kwa faida ya biashara, na kwa fedha ziletwazo na Wakenya walio ng'ambo. Mwenye kiwanja asiyedaiwa hana haraka. Bei ikidumaa, hungoja. Kiwanja hakili wala hakinywi. Chaweza kungoja kuliko mtu mwenye njaa.

Tena tulimpunguzia gharama za kungoja. Kwa takribani miaka 40 ushuru wa viwanja vya Nairobi ulikadiriwa kwa orodha ya thamani iliyotengenezwa mwaka 1982. Barabara zilijengwa, zikapanuliwa, thamani ya ardhi ikapaa, lakini orodha ile ilibaki pale pale kama saa iliyokatika majira. Mtu aliyefunga kiwanja kwa ua wa miba, asijenge wala asiuze, alitozwa ushuru wa zama za babu yake huku akivuna thamani ya zama za wajukuu. Barabara ya Outer Ring ilipanuliwa kwa fedha za umma. Nani alipandishiwa thamani ya ardhi? Mwenye kiwanja kando yake. Nani alipandishiwa kodi? Mpangaji aliyeitembea barabara hiyo kwa miguu. Mtu akila asichokipanda twamwita mwizi. Ardhi ikimlisha mtu namna hiyo twamwita mwekezaji.

Hilo ndilo povu. Sasa tushuke tuone jiwe.

Katika kila jamaa kumi za Nairobi, tisa hivi ni wapangaji. Kwao mjadala wa kiputo ni kama habari za dhoruba ya bahari nyingine. Mpangaji wa Pipeline, Huruma au Mathare hanunui tumaini la kesho. Hununua usiku wa leo. Kodi yake haina povu ndani yake, kwa sababu chumba hakiwezi kupangwa kwa ajili ya kuuzwa. Chumba hupangwa kwa ajili ya kulala. Kodi ikipanda huko, imepanda kwa kuwa watu ni wengi na vyumba ni vichache. Basi hata kama bei za nyumba za kuuzwa zingeanguka kesho asubuhi, mpangaji huyu angeamka katika chumba kile kile, kwenye kodi ile ile, na huenda bila kazi, maana wengi wa majirani zake huchanganya saruji na kubeba mawe katika majengo ambayo kishindo kingeyasimamisha. Anayemwambia mtu huyu asubiri kiputo kipasuke amemwambia aombe nyumba iungue ili apate makaa ya kuota.

Uhaba huu haukuanguka kutoka mawinguni. Ulipangwa. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya aliyeletwa na serikali ya kikoloni, alishauri kwamba watu wa rangi mbalimbali watengwe katika makao yao. Wazungu walikwenda magharibi na kaskazini, kwenye vilima na udongo mwekundu. Mwafrika aliwekwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi ambao hugeuka matope masika na kupasuka nyufa kiangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ilifanywa kuwa mahali pa Waafrika kujijengea. Baadaye zikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni ya watu wa reli, Bahati, Jericho, na mitaa mingine mingi. Vyumba vingi katika mitaa hiyo vilikusudiwa mwanamume mmoja mmoja aliyeacha mke na watoto mashambani. Serikali ile ilitaka mikono ya mtu ije mjini, moyo wake ubaki kijijini. Iliogopa mji wa Waafrika wenye jamaa na makao ya kudumu, kwa kuwa mtu mwenye makao hudai haki.

Hofu yao ilikuwa na sababu. Katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mitaa ile ile iliyojengwa kama mabweni ya vibarua ikawa malezi ya siasa, ya mpira, ya muziki na ya vyama vya wafanyakazi. Kumbuka jambo hili, msomaji, utakaposikia mtu akiiita mitaa hiyo vibanda vikuukuu vinavyoharibu sura ya mji.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, milango ya mji ilifunguka, na hilo lilikuwa jema. Watu waliohesabiwa Nairobi mwaka 1969 walikuwa 509,286; mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Katika miaka 50 mji uliongezeka zaidi ya mara nane. Je, nyumba ziliongezeka vivyo? Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa upungufu wa nyumba katika Kenya ulizidi milioni 2. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga. Nasi twaweza kuongeza kuwa penye wajenzi hapana nyumba, kwa kuwa hao vijana wajengao maghorofa ya Kileleshwa hurudi jioni kulala kwa zamu Mathare.

Isidhaniwe kuwa hapana juhudi iliyofanywa. Miaka ya 1970 ilikuwa na juhudi kubwa, nayo yatufundisha zaidi kuliko hotuba zote za leo. Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka hiyo kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, ikauzwa kwa mikopo kwa makarani, walimu na maofisa. Umoja ilijengwa kwa msaada wa Marekani, ikakusudiwa watu wa kipato kidogo. Punde si punde nyingi za nyumba zake zilikuwa mikononi mwa watu wa kipato kikubwa zaidi. Dandora ndiyo iliyokuwa na shabaha ya chini kabisa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliotiwa sahihi mwaka 1975, viwanja vipatavyo 6,000 vilipimwa, vikatiwa maji na vyoo, vikagawiwa kwa kura watu wa mapato ya kati ya shilingi 280 na 650 kwa mwezi. Kila mmoja alitakiwa ajijengee vyumba kidogo kidogo kadiri ya nguvu zake.

Wazo lilikuwa zuri, na wako waliofaidika nalo mpaka leo. Lakini tazama yaliyofuata. Kiwanja cha bei nafuu katika mji wa bei ghali ni kama kipande cha nyama katika njia ya fisi. Waliopewa viwanja wengine walishindwa kujenga, wengine waliuza, wengine wakajenga vyumba wakavipangisha vyote na wenyewe wakakaa kwingine. Baadaye maghorofa yakaota mahali pa nyumba za chini. Mradi uliokusudiwa kumfanya maskini awe mwenye nyumba ulizaa, kwa sehemu kubwa, wenye nyumba wasiokaa humo na wapangaji wasiomiliki kitu. Simlaumu maskini aliyeuza. Njaa haina hatimiliki. Nalaumu fikira iliyoamini kuwa waweza kumpa mtu mmoja nyumba nafuu, ukaacha soko zima limzunguke kama lilivyokuwa, kisha ukategemea unafuu ule udumu. Unafuu wa namna hiyo huishi siku moja, yaani, mpaka mauzo ya kwanza.

Mahali serikali ilipoacha pengo, mwenye ploti aliingia. Nataka nimtendee haki mtu huyu, kwa sababu ni rahisi kumtukana. Bila yeye maelfu wangelala nje. Alijenga alipokatazwa kwa kuwa hakuna aliyejenga paliporuhusiwa. Lakini haki hiyo ina mpaka. Uhaba ukiwa mkubwa, mwenye ploti hana sababu ya kujenga vema. Chumba kibaya hupangwa upesi sawa na chumba kizuri. Ndiyo maana Pipeline na Huruma majengo husongamana ukuta kwa ukuta hata mchana watu huwasha taa, na ghorofa huongezwa juu ya msingi ambao haukupimwa kwa uzito huo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto huko Huruma liliporomoka, na watu zaidi ya 40 walikufa. Hao ndio waliopatwa na kishindo cha kweli. Wasomi walipokuwa wakijadili kama soko litapasuka, soko la maskini lilikuwa limekwisha kupasuka juu ya vichwa vyao.

Sheria nayo imelala. Sheria ya Kudhibiti Kodi, iliyoanza mwaka 1959, kwa miaka mingi iliwalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tafuta leo chumba kizima chenye maji na taa kwa fedha hizo katika Donholm au Umoja, uone kama utakipata. Sheria isiyobadilishwa mwendo wa shilingi unapobadilika ni mwavuli uliotoboka: mwenyewe ajiona amejifunika, na huku alowa.

Najua nitajibiwa. Mwenye nyumba wa Buruburu atasema, bei zilipopanda nilitajirika; wataka niwe maskini? Namjibu kwa heshima kuwa utajiri huo ni wa kwenye karatasi. Akiiuza nyumba yake leo hatapata nyingine kama hiyo isipokuwa kwa bei ile ile iliyopanda. Wanawe, waliozaliwa humo, hawawezi kununua mtaani walikokulia; huhamia mbali, wakatumia saa nyingi kila siku katika matatu. Kupanda kwa bei kumempa baba sifa na kumnyima mwana makao. Kama hiyo ni faida, basi ni faida ya mtu alaye mbegu.

Mwingine atasema, acheni soko lifanye kazi yake. Wajenzi wakiwa wengi bei itashuka. Kuna chembe ya kweli hapo: pasipo kujenga hapana dawa, na anayepinga kila jengo jipya anapinga makao. Lakini soko hujenga pale penye faida kubwa, na faida kubwa ni ya ghorofa za kuuzwa kwa wenye nazo. Yawezekana mji mmoja uwe na nyumba tupu upande mmoja na watu wanane katika chumba upande wa pili, na soko lisione kosa lolote. Macho ya soko huona fedha. Asiye na fedha haonekani, hata akisimama mlangoni.

Sasa tumefika kwenye jambo lililo mbele yetu, nalo ni zito. Mwaka 2023 wafanyakazi wa Kenya walianza kukatwa asilimia 1.5 ya mishahara yao kwa ajili ya nyumba, na waajiri wao kutoa kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu iliamua tarehe 28 Novemba 2023 kuwa ushuru huo haukupatana na Katiba. Sheria ya Nyumba Nafuu ikatungwa upya, ikatiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024. Linganisha jambo moja. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 ushuru wa kodi za nyumba za kuishi kwa wenye nyumba wengi ulipunguzwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 ya kodi waipokeayo. Wakati ule ule kibarua aliongezewa mzigo, mkusanya kodi alipunguziwa. Watetezi husema kuwa ushuru wa mwenye nyumba hutozwa kabla ya kuondoa gharama zake. Nakubali. Lakini mfanyakazi naye hukatwa kabla ya kuondoa nauli, chakula na kodi ya nyumba anayokaa.

Sipingi nyumba kujengwa kwa fedha za umma. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Ninalouliza ni lile ambalo Dandora ilituuliza nasi hatukujibu: je, baada ya miaka kumi nani atakuwa amelala ndani? Ardhi ya mitaa ya zamani ya mashariki ni ya umma. Ndiyo akiba ya mwisho ya mji huu. Tukiibomoa mitaa hiyo, tukajenga minara, kisha tukaiuza minara chumba kwa chumba katika soko lile lile la tumaini, tutakuwa tumelilisha povu kwa jiwe letu wenyewe. Sheria ya 2024 iliweka sharti kwamba mnunuzi asiuze nyumba hiyo bila idhini ya Bodi. Sharti la namna hiyo lilindwe kama mboni ya jicho. Siku litakapolegezwa, unafuu utakwenda uendako moshi.

Nchi nyingine zimeonyesha kuwa yawezekana. Singapore, iliyounda bodi yake ya nyumba mwaka 1960 ikiwa na watu wengi katika mabanda, leo watu wanane hivi katika kila kumi hukaa katika nyumba zilizojengwa na bodi hiyo. Mkazi hununua haki ya kukaa miaka 99, na ardhi hubaki ya umma. Vienna, mji mkuu wa Austria, ulianza kujenga nyumba za kupangisha wafanyakazi katika miaka ya 1920, na hata leo karibu nusu ya wakazi wake hukaa katika nyumba za mji au zilizosaidiwa na umma. Hapana mji hata mmoja kati ya hiyo uliongoja kiputo kipasuke. Yote miwili iliiweka ardhi mbali na mnada.

Basi madai yangu ni manne. Ardhi ya umma iliyo mashariki mwa Nairobi isiuzwe moja kwa moja, bali ikodishwe kwa miaka maalumu. Sehemu kubwa ya nyumba zijengwazo humo iwe ya kupangisha kwa kodi ya haki, kwa kuwa watu tisa katika kumi ni wapangaji, na msaada uwafuate watu walipo. Kiwanja kilichoachwa wazi ili kingoje bei kitozwe ushuru wa thamani yake ya leo, mpaka kungoja kuwe ghali kuliko kujenga. Na wakaguzi wa majengo wafanye kazi kabla ya msiba, maana ripoti iandikwayo baada ya mazishi haimfufui mtu.

Nawe kijana, usinijibu kuwa haya ni mambo ya wazee na mawaziri. Miaka michache ijayo utamaliza masomo, utapata kazi au utaitafuta, na jambo la kwanza utakaloulizwa katika mji huu ni kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana. Dalali atakuambia kuwa ardhi haishuki bei. Mtabiri atakuambia kuwa karibu itaanguka. Usimwamini yeyote kati yao mpaka umechukua kalamu ukalinganisha bei na kodi, na kodi na mshahara. Kisha wageukie wote wawili, na diwani wa wadi yako awe wa tatu, uwaulize kwa adabu lakini bila woga: ardhi ya Kaloleni na Makongeni itakuwa ya nani, na watu waliokaa humo watalala wapi?

Wasipokuwa na jibu, uliza tena.